Singa, Kioo na Kaboni: Historia ya Mseto wa Nyuzi Fupi Ndani ya Plastiki

1893–1909: Miche ya Pangani, plastiki ya Yonkers

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea huo ni Yucatán, Mexico. Miche ilisafiri kwa meli kupitia Hamburg, na ilipofika Tanga ni 62 tu iliyokuwa hai. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hiyo ndiyo mbegu ya mashamba yaliyokuja kutanda kutoka Tanga hadi Korogwe, kisha Morogoro na Kilosa.

Miaka 14 baadaye, huko Yonkers, New York, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aitwaye Leo Baekeland alichanganya fenoli na fomalini, akavipika kwa joto na mgandamizo, akapata kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Alikiita Bakelite, na mwaka 1909 akakitangaza mbele ya wanakemia wenzake wa Marekani. Wakati huo hakuna aliyewaza kwamba mmea wa Pangani na plastiki ya Yonkers vingekuja kukutana. Vilikutana mara mbili: kwanza kama mahasimu sokoni, kisha ndani ya kitu kimoja.

Bakelite tupu ilikuwa na kasoro kubwa. Ugumu wake ulikuwa ugumu wa kigae. Ikianguka sakafuni inapasuka. Dawa iliyopatikana haikuwa ya ajabu. Viwanda viliichanganya na unga wa mbao, mara nyingi karibu nusu ya uzito wote. Penye joto kali vilitia asbesto, na penye kugongwagongwa vilitia pamba na vipande vya nguo vilivyokatwakatwa. Simu, swichi, redio na vishikio vya sufuria vya miongo ile vilitoka katika mchanganyiko huo. Fundi wa kukandika nyumba hapa kwetu analijua jambo hili bila kupita darasa la kemia: udongo mtupu ukikauka hupasuka, lakini ukiukanyaga pamoja na nyasi zilizokatwa hushikana.

Sababu ni moja kote kuwili. Ufa unaoanza ndani ya kitu kigumu hukimbia moja kwa moja usipokutana na kizuizi. Ukikutana na uzi, itabidi uuvunje, au uuchomoe, au uuzunguke, na kila moja ya kazi hizo huupunguzia ufa nguvu. Ila katika siku za Baekeland unga wa mbao ulihesabiwa kuwa kijazio cha bei nafuu tu. Miaka mingi ilipita kabla ya mtu kuuliza kila kipande ni kirefu kiasi gani, kimelala upande gani, na kimeshikwa kwa nguvu kiasi gani.

1921: Kioo kinapokuwa uzi

Swali la kwanza lililofungua njia halikuhusu plastiki hata kidogo. A. A. Griffith, mhandisi wa kituo cha ndege za serikali huko Farnborough, Uingereza, alitaka kujua kwa nini vitu huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa na hesabu. Akavuta nyuzi za kioo za unene mbalimbali hadi zikakatika, na mwaka 1921 majibu yake yakachapishwa.

Wahandisi hupima kwa megapaskali, lakini hapa nitatumia kipimo ambacho kila aliyebeba mzigo anakielewa: kilo ngapi zinaweza kuning'inia kwenye uzi ambao sehemu yake iliyokatwa ina eneo la milimita 1 ya mraba. Megapaskali 10 ni takriban kilo 1. Kwa kipimo hicho, kioo cha Griffith chenye kipenyo cha milimita 1 kilibeba kama kilo 17. Kilipovutwa kikawa chembamba hadi milimita 0.0033, kilibeba kama kilo 340. Kioo ni kilekile, nguvu imeongezeka mara 20. Alieleza kwamba uso wa kioo umejaa nyufa ndogo mno zisizoonekana, na kwamba uzi mwembamba sana hauna hata nafasi ya kubeba ufa mkubwa.

Basi nguvu ilikuwapo, lakini nyuzi zenyewe zilikuwa nyembamba mno na laini mno kushikika. Zilihitaji kitu cha kuzishikilia.

1932–1953: Faiba

Mwaka 1932, huko Ohio, kijana mtafiti aitwaye Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Upepo wa mashine ukapiga kioo kilichoyeyuka, na kikatawanyika kuwa nyuzi nyembamba. Mkuu wake, Games Slayter, aliliona hilo kuwa bidhaa na si uchafu. Mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning Fiberglas, na wakati wa Vita vya Pili nyuzi hizo zilishikanishwa kwa resini ya poliesta kutengeneza vifuniko vya antena za rada za ndege. Mwaka 1953 Chevrolet ilitoa magari 300 ya kwanza ya Corvette yenye bodi ya kioo na resini. Mchanganyiko huo sisi tukauita faiba, na ukanda wote wa Pwani unazijua boti zake.

Faiba ya boti ni ya nyuzi ndefu zinazotandazwa kwa mkono, safu juu ya safu. Kwa boti inafaa. Lakini kiwanda kinachotaka vipande 10,000 vya gia au vifuniko vya injini hakiwezi kumweka mtu wa kutandaza kila kimoja. Mapema katika miaka ya 1950 Rexford Bradt wa Warsaw, mji mdogo wa Indiana, alianza kuuza punje za plastiki zenye nyuzi fupi za kioo ndani yake. Punje hizo zinayeyushwa, zinasukumwa kwenye kalibu, na baada ya sekunde chache kipande kinatoka kimekamilika.

Faida ilionekana upesi. Nailoni ya 66 ikiwa tupu na kavu hubeba kama kilo 8 kwa kipimo chetu. Ikitiwa kioo kwa asilimia 30 ya uzito hubeba takriban kilo 18, na ukakamavu wake huongezeka karibu mara tatu. Hasara nayo ilionekana upesi. Kipande kile hakinyooki tena kabla ya kuvunjika, na parafujo ya mashine inayosukuma plastiki huzivunjavunja nyuzi. Zinaingia na urefu wa milimita 3 au 4, zinatoka na chini ya nusu milimita.

1952–1965: Kamba iliyofukiwa mchangani

Je, uzi wa nusu milimita una kazi gani tena? Swali hili ndilo kiini cha habari yote, na ningependa msomaji tukae nalo kidogo.

Chukua kamba, ifukie mchangani, uache ncha moja nje, kisha vuta. Kipande kifupi kilichofukiwa kitachomoka kizimakizima. Kipande kirefu hakitachomoka. Kamba itakatika kabla mchanga haujaiachia. Katikati yake kuna urefu mmoja ambao kuchomoka na kukatika ni sawasawa. Chini ya hapo nguvu ya kamba haina maana yoyote, hata ingekuwa ya chuma, kwa sababu mchanga ndio unaoamua.

H. L. Cox, wa maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, Uingereza, aliandika hesabu ya mshiko huo mwaka 1952. Alikuwa akichunguza karatasi, ambayo nayo ni nyuzi fupi zilizobanana. Alionyesha kwamba mzigo hauingii kwenye uzi kupitia ncha zake. Huingia kidogokidogo kupitia ubavu, ukianza na sufuri kwenye ncha na kuongezeka kuelekea katikati. Uzi mfupi karibu wote ni ncha, na katikati yake ni ndogo. Mwaka 1965 Anthony Kelly wa Cambridge na W. R. Tyson, wakijaribu nyuzi za tangsteni ndani ya shaba, waliipa hesabu hiyo sura ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo: urefu wa mpaka ni nguvu ya uzi mara kipenyo chake, gawanya kwa mara mbili ya nguvu ya mshiko.

Tuifanye hesabu hiyo kwa kioo. Uzi wa kipenyo cha milimita 0.01, wenye nguvu ya megapaskali 2,000 baada ya misukosuko ya kiwandani, ukishikwa na plastiki kwa megapaskali 20, urefu wake wa mpaka ni milimita 0.5. Mshiko ukishuka hadi megapaskali 5, urefu huo unakuwa milimita 2, na nyuzi zilizopita kwenye parafujo hazifiki hapo kabisa. Ndiyo maana viwanda vya kioo viliwekeza sana katika dawa za kupaka nyuzi ili zishikane na plastiki. Fedha ilikwenda kwenye mshiko kwa sababu kuuongezea uzi wenyewe nguvu kusingeleta faida.

Jambo la pili ni mwelekeo. Mwaka 1964 Herbert Krenchel wa Denmark alikokotoa kwamba nyuzi zilizolala ovyo juu ya bapa hutoa tatu ya nane tu ya ukakamavu ambao zingetoa kama zote zingelala upande mmoja, na zilizotawanyika pande zote za nafasi hutoa moja ya tano. Ndani ya kalibu mambo huchanganyika zaidi: karibu na ngozi ya kipande nyuzi hulala kufuata mkondo wa plastiki, na katikati hulala kukingama. Kipande kimoja, kikivutwa kwa urefu au kwa upana, hutoa majibu mawili tofauti.

1954–1967: Plastiki yaingia Tanga

Wakati Cambridge wakihesabu, Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia kwa mkonge. Manamba walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi kuja kukata majani. Korona, yaani mashine za kuchana majani hayo, zilinguruma usiku na mchana, na singa, nyuzi za mkonge, zilianikwa kwenye nyaya kama nguo nyeupe zisizo na mwisho. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika kilele cha tani takriban 230,000. Sehemu kubwa ilikwenda kuwa kamba za kufungia marobota ya majani makavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini.

Mwaka 1954, Milano, Giulio Natta alikuwa amefanikiwa kuipanga polipropilini katika mnyororo wa mpangilio mmoja, akitumia vichocheo vya aina aliyoigundua Karl Ziegler wa Ujerumani. Mwaka 1957 kiwanda cha Ferrara kilikuwa kinaizalisha, na mwaka 1963 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Plastiki hiyo ni nyepesi kuliko maji, haiozi, haihitaji kukatwa wala kuanikwa, na kwa kila mita ya kamba ilikuja kuwa rahisi kuliko singa.

Bei ya mkonge ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji wa Tanzania ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000. Wapo wanaoutwisha utaifishaji lawama yote. Ni kweli mashine zilizeeka bila kubadilishwa na mashamba yakaota vichaka. Lakini bei ilianguka kwanza. Mfanyakazi wa korona ya Muheza alipoteza kazi kwa jambo lililofanyika ndani ya chupa ya maabara ya Milano, na nadhani haki ya historia inataka tuyataje yote mawili.

1971–1978: Kaboni na somo la mseto

Kufikia miaka ya 1960 kulikuwa na uzi mpya. Akio Shindo wa Osaka, kisha William Watt na wenzake wa Farnborough ileile ya Griffith, walikuwa wameunguza nyuzi za akriliki hadi zikabaki kaboni tupu. Ukakamavu wake ulikuwa zaidi ya mara tatu ya kioo. Rolls-Royce ilizitumia kutengeneza mapanga ya feni ya injini ya RB211. Katika jaribio la kurusha ndege ndani ya injini, lililofanywa kwa mzoga wa kuku, mapanga yalivunjikavunjika, ikabidi yarudishwe kwenye titani. Tarehe 4 Februari 1971 kampuni ilitangaza kushindwa kulipa madeni, na serikali ya Uingereza ikaichukua. Mapanga hayakuwa sababu pekee. Gharama zote za injini zilikuwa zimepanda. Ila somo la kiufundi lilisikika kote: kaboni ina ukakamavu mkubwa, lakini haivumilii kipigo.

Nyuzi nyingi za kaboni hukatika zikiwa zimenyooshwa kwa kama asilimia 1.5 ya urefu wake. Kioo hufika zaidi ya asilimia 4. Basi wakajaribu kuzichanganya. Kwa kanuni ya uwiano, kila uzi ungetoa fungu lake na jumla ingekuwa wastani, na kaboni ingekatika palepale inapokatika siku zote. Mwaka 1972 T. Hayashi wa Japani aliona kwamba haikuwa hivyo: kaboni iliyozungukwa na kioo ilinyooka zaidi kabla ya kukatika. Mwaka 1974 A. R. Bunsell na Bryan Harris wa Chuo Kikuu cha Sussex wakaona tabia kama hiyo.

Maelezo yake yanaridhisha. Uzi mmoja wa kaboni ukikatika, mzigo wake huangukia majirani. Majirani wakiwa kaboni pia, nao wako ukingoni. Wanakatika mmoja baada ya mwingine na kipande chote kinapasuka. Majirani wakiwa kioo, wananyooka, wanaubeba mzigo, na msururu unakoma. Mwaka 1978 Gad Marom na wenzake walilipa jambo hili maana iliyo kali zaidi: faida ya mseto ni kile kinachozidi kanuni ya uwiano, na hasara ni kile kinachopungua. Kwa ukakamavu, ziada hiyo huwa ndogo au haipo. Inajitokeza zaidi katika kunyooka, nguvu na kuvumilia kipigo, na hutegemea sana nyuzi zilivyochangamana. Mwaliko ulikuwa wazi kwa nyuzi fupi, kwa sababu hizo huchangamana zenyewe ndani ya mashine.

1991–2001: Singa yarudi

Mwaka 1991 Elifas Bisanda, Mtanzania aliyekuja baadaye kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, pamoja na M. P. Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, walichapisha utafiti wa singa ndani ya epoksi, wakichunguza jinsi dawa ya sileni inavyobadilisha mshiko. Mwaka uliofuata walifanya jambo ninalolipenda zaidi. Walichukua mafuta ya maganda ya korosho, ambayo ni ya jamii ya fenoli, wakayapika na fomalini, yaani kwa kemia ileile ya Baekeland, wakapata resini. Ndani yake wakaweka mikeka ya singa iliyooshwa kwa soda kali. Vigae vya migongo walivyovitengeneza vilionyesha nguvu ya kutosha kuezekea nyumba. Mikeka si nyuzi fupi, ni kweli, lakini mkonge wa Tanga na korosho ya Mtwara zilionekana kuwa malighafi za uhandisi.

Kazi ya nyuzi fupi ilikolea Kerala, kusini mwa India. Mwaka 1993 Kuruvilla Joseph, Sabu Thomas na wenzao walikata singa vipande, wakavichanganya na polithini. Nguvu iliongezeka kadiri vipande vilivyorefuka, hadi urefu wa takriban milimita 6. Na nyuzi zilipolazwa zote upande mmoja, nguvu katika upande huo ilizidi maradufu ya zile zilizolala ovyo. Hesabu za Cox na Krenchel zilikuwa zimetimia ndani ya mmea wa shambani.

Kisha wakaja kwenye mseto wenyewe. G. Kalaprasad na wenzake, mwaka 1997, walitia nyuzi fupi za kioo kidogo sana, kama asilimia 3 ya ujazo, katika polithini yenye singa. Nguvu ya mvutano ya kipande chenye nyuzi zilizolala upande mmoja ilipanda kwa karibu asilimia 80, na kiu ya maji ikapungua. Hili la maji si dogo. Singa ni selulosi na hunywa maji, wakati polithini na polipropilini zinayakataa. Ndiyo maana mshiko kati yao ni dhaifu tangu mwanzo, na kila msimu wa mvua huulegeza zaidi.

Dresden, Shao-Yun Fu, Bernd Lauke, Edith Mäder na wenzao waliichukua polipropilini na kuitia kioo kifupi na kaboni fupi. Waliona kwamba kadiri nyuzi zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo zinavyozidi kugongana na kuvunjika, hivyo urefu wa wastani unashuka. Ukiongeza mkono mmoja unapunguza mwingine. Hata hivyo, katika ripoti yao ya mwaka 2001, mseto ulinyooka zaidi kabla ya kuvunjika kuliko kanuni ya uwiano ilivyotabiri. Miaka hiyohiyo Mercedes-Benz za E-Class zilikuwa na paneli za ndani za milango zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa kitani na mkonge.

Leo: Joto, maji na sakafu ya korona

Mipaka ya singa inajulikana. Selulosi huanza kuungua na kubadilika rangi joto likizidi takriban nyuzi 200 za sentigredi. Nailoni ya 66 huyeyuka kwenye 260, kwa hiyo singa haiwezi kuingia humo. Polipropilini huyeyuka kwenye 165 hivi. Plastiki iliyoufukuza mkonge kwenye soko la kamba ndiyo mojawapo ya chache zinazoweza kuupokea ndani yake.

Urejelezaji nao una hesabu yake, ni ileile ya Kelly. Kila kipande kinaposagwa na kuyeyushwa upya, nyuzi za kioo hufupika. Zikipita chini ya urefu wa mpaka, hubaki kuwa kijazio tu kama unga wa mbao wa Baekeland, na mnunuzi aliyetarajia nguvu ya mara ya kwanza hataipata. Singa hujikunja zaidi kuliko kukatika, hivyo hupoteza urefu polepole kuliko kioo, lakini joto la kila mzunguko huichosha.

Katika mashamba ya Tanga mkonge umekuwa ukipangwa madaraja kwa urefu, rangi na usafi. Singa inayozidi sentimita 90 ndiyo yenye bei. Iliyokatika huenda kwenye madaraja ya chini, na ile fupi kabisa huokotwa kwenye mfereji wa maji ya korona na kuuzwa kwa bei ya makapi. Plastiki ya Kerala ilihitaji milimita 6. Kila singa iliyoangukia mferejini inatosha kukatwa vipande vingi vya urefu huo, na kinachobaki kupimwa juu yake, ambacho hakimo katika daraja lolote la zamani, ni jinsi inavyoshikwa.